Nikon D750 kwenye harusi za Lamu: kadi mbili na lile neno Demo

Assalaam aleikum ndugu zangu, karibuni tena. Leo narekodi juu darini hapa kwetu Langoni, chini kichochoroni punda wanapita na mifuko ya simiti tangu asubuhi, kwa hivo mkisikia mlio ni wao.

Haya, kamera ya leo ni hii mnayoiona mkononi, Nikon D750, mlinambia sana kwenye komenti niichambue na nilikua nachelewesha manake nilitaka niimalize kuijua kwanza. Ilitoka 2014, sensa kubwa ya fulufremu, megapikseli 24.3, bodi peke yake gramu 750 na ukitia betri na kadi inafika kama 840, shata yake imepimwa kupiga mara 150,000 kwa hivo ukinunua iliyotumika kama nilivonunua mimi muulize mwenye nayo imepiga ngapi, na usitosheke na maneno, piga picha moja uende nayo kwenye kompyuta uisome hiyo namba. Vidio haina 4K. Hayo mengine mtayasoma wenyewe. Mimi nataka kuzungumzia makosa, yale ya kuaibisha, ambayo mpiga picha anayafanya akiwa na kamera nzuri mkononi, na hii D750 wapi inakuokoa na wapi inakuachia uanguke.

Naanza na langu kubwa na wallahi kila nikilisema moyo unaniuma. Kazi yangu mimi ni harusi za wanawake. Walio Lamu wanajua, walio mbali niwaeleze: siku ya kupamba wanaingia wanawake peke yao, buibui zinavuliwa, bibi harusi amekaa juu na hina yake na asumini kichwani, na simu zinakusanywa mlangoni zinatiwa kwenye kapu. Hakuna anayepiga picha ila yule mmoja aliyeaminiwa na familia. Yani nikikosa mimi, hakuna shangazi wa kusema ngoja nikutumie yangu. Imekwisha.

Sasa siku hiyo nilitoka nyumbani mbio, kadi zote mbili nilikua nimezitoa usiku kuhamisha picha, moja ikabaki kwenye kompyuta na nyengine juu ya meza. Nikafika, watu wamejaa, vugo linapigwa, wale mama na zile pembe zao mkononi, vigelegele, nikawasha nikaanza kupiga. Na picha zinatokea kwenye skrini! Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Hii kamera ina setingi ya kukubali kupiga bila kadi, na ukiwa nayo hivo inafanya kila kitu, shata inalia, fokasi inashika, picha inakuja kwenye skrini nzuri kabisa unaiona, ila imeandikwa Demo. Neno dogo tu. Na mimi naangalia uso wa bibi harusi umetoka vizuri, macho hayako kwenye maandishi. Nilipiga vile kama nusu saa. Nyanyake alikua ametoka Faza kwa boti asubuhi ile, mtu mzima sana, akashikwa mkono akapandishwa, akamvisha mjukuu wake kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, na akamsomea dua sikioni, mimi niko karibu kabisa, nikapiga kama mara kumi. Akashuka, akapelekwa chumba cha nyuma apumzike.

Nilikuja kugundua nilipoinama kubadilisha ISO, yani wepesi wa kamera kushika mwangaza, nikaangalia hiki kioo kidogo cha juu. Sogeeni muone, natoa kadi zote mbili sasa hivi... mmeona? Pale pa kuhesabu picha zilizobaki inaandika E katikati ya vistari viwili. Maana yake hamna kadi. Ilikua imeandika hivo tangu mwanzo na mimi sikuangalia.

Nikamwendea somo yake bibi harusi, yule anayemfunda, nikamwambia ukweli, sikuzunguka, nikamwambia somo nisamehe, picha za mwanzo hazipo. Akaninyamazia, halafu akasema kachukue kadi. Mtoto akatumwa kwetu akaja nazo, na Mungu awalipe wale kina mama manake walilirudia vugo lote tangu mlangoni. Lakini nyanyake alikua ameshalala, na mimi ndiye niliyekataa aamshwe. Ile picha haipo. Pesa zao nilirudisha nusu, na hilo halikuirudisha picha.

Kwa hivo kitu cha kwanza ukiipata kamera hii, hata kabla hujatia lenzi: fungua menyu, nenda kwenye ile alama ya penseli, ingia kundi la f ambalo ni la vitufe, tafuta setingi inayozungumzia sloti tupu, utakuta OK na LOCK. Weka LOCK. Yangu alieniuzia alikua ameiacha kwenye OK na kuangalia lilikua jukumu langu. Ikiwa LOCK bila kadi shata haishuki hata ukibonyeza kwa nguvu zako zote. Jaribuni leo leo, hata kama kamera yako si hii, nyingi zina setingi kama hiyo.

Na kwa nini bado naipenda? Kwa sababu ina sloti mbili za SD. Nyengine unaweza kuiweka iwe ya kumwagikia ya kwanza ikijaa, au RAW, ile picha ghafi, huku na JPEG kule, mimi naweka nakala, kila picha inaingia kote kuwili. Kadi zinakufa jamani, hasa hapa kwetu hewa ya bahari hii. Lakini sloti mbili zina kosa lake na hili watu hawalizungumzi. Unatoa kadi ya kwanza, unahamisha, unafuta, unajiona umemaliza, na ile ya pili bado imekaa ndani na harusi nzima ya watu, wanawake vichwa wazi. Halafu kesho mtu anakuja anakwambia niazime kamera nikapige mashua. Mimi hilo limebaki kidogo tu linifike, kamera imeshatoka mlangoni nikaikimbilia mpaka karibu na Mkunguni. Tangu hapo haiondoki nyumbani kabla sijafungua hiki kifuniko cha pembeni na kutia kidole kwenye sloti zote mbili. Na kufuta peke yake hakutoshi, picha iliyofutwa inaweza kurudishwa na programu, kwa hivo kadi za kupamba zangu hazipigiwi kitu chengine wala haziazimwi.

Haya tuje mchana. Hapa mwangaza wetu ni mkali na kuta ni nyeupe, sasa wewe jana usiku ulipiga harusi ukaweka ISO 6400, asubuhi umeenda Shela na wageni, ukasahau. Jua la saa sita na ISO hiyo hata ufunge lenzi mpaka f/16 kamera inataka spidi ya shata ya kama 1/6400 ya sekunde, na hii mwisho wake ni 1/4000. Itakuandikia Hi. Ukipuuza hiyo Hi unarudi na picha nyeupe kama maziwa. Pia kile kitufe cha kujumlisha na kutoa mwangaza, ukiweka +1 kwa ajili ya ukuta mweupe inabaki +1 hata ukizima, wiki nzima. Na D750 ina kioo cha kweli cha kuchungulia, unaona dunia kama ilivyo, hauoni picha itakavyotoka, wakati kamera za kisasa zisizo na kioo ndani zingekuonyesha hapo hapo kwamba imeungua. Hapo hii imeshindwa, nasema wazi.

Fokasi ya mkono: kuna swichi kwenye lenzi na nyengine kwenye bodi, angalia zote. Mchanga wa Shela: usibadilishe lenzi kwenye upepo wa kusi, basi.

Na ukungu. Umelala nyumba ya wageni yenye AC, unatoka nje alfajiri kumewahi joto, lenzi inavaa ukungu na majahazi yanapita. Usifute na leso, utaipaka mafuta na chumvi. Kabla hujatoka itie kamera na lenzi kwenye mfuko wa plastiki uufunge barabara, utoke nayo nje ikiwa ndani ya mfuko, iache izoee joto, maji yatakaa juu ya plastiki.

Kununua je? Kama kazi yako ni harusi, inunue, betri yake kwa kipimo cha kiwandani ni picha 1,230 kwa chaji moja na mimi sijawahi kuimaliza usiku mmoja, hata umeme ukikatika. Kama wewe ni wa vidio au unapiga mchana na wageni, tafuta isiyo na kioo. Kwa maulidi pia ina sauti, hata kwenye hali ya kimya inasikika mtu akisoma.

Yule nyanya yuko hai, alhamdulillahi. Nimewaahidi wajukuu zake ntakwenda Faza kumpiga akiwa kwake, kwa idhini yake, na ntampelekea kikuba.