Uzoefu wangu na kampuni ya kupima programu: majaribio yasiyoweza kufeli

Naandika nikiwa bado na hasira, lakini nitajitahidi kuwatendea haki. Ni kampuni ya Nairobi inayojinadi kwa kupima programu, hasa zile zinazoendesha thredi nyingi, yaani mikondo ya kazi ndani ya programu, kwa wakati mmoja. Jina nitaliacha. Tuliwapa kazi mapema mwaka huu kwa niaba ya sacco ninayoitunzia mifumo hapa Kisumu, ambayo wanachama wake wengi ni akina mama wa samaki na wauza nguo wa Kibuye. Kwa kuanzia nawapa nyota tatu. Ripoti yao ilifika kwa wakati, na walituonyesha kwamba seva yetu inalemewa kila mwisho wa mwezi. Hilo lilikuwa kweli. Tukaiongezea kumbukumbu, ikatulia.

Ila sikuwaita kwa ajili ya seva. Programu tuliirithi kutoka kwa mkandarasi mwingine, imeandikwa kwa lugha ya Java, na barua yangu ya kwanza kwao ilieleza wasiwasi wangu bila kuficha: akaunti moja ikitolewa pesa dirishani na kwa simu kwa wakati mmoja, je, kufuli la salio, yaani kinga inayoruhusu thredi moja tu kuligusa kwa wakati mmoja, linashika? Swali lilikuwa hilo moja tu. Wakajibu kwa ukurasa mzima wa alama za kijani. Majaribio ya thredi: yamepita yote.

Halafu ikafika siku moja ya soko. Chama kimoja cha akina mama kilikuwa na 12,000 kwenye akaunti. Mweka hazina wao alikuwa dirishani anatoa 8,000. Katibu wao, akiwa sokoni, akatoa 5,000 kwa simu, bila mmoja kujua la mwenzake. Thredi ya dirishani ikasoma 12,000. Kabla haijaandika, thredi ya simu nayo ikasoma 12,000. Ya kwanza ikaandika 4,000, ya pili ikaja juu yake ikaandika 7,000. Pesa zilizotoka ni 13,000, na bado mfumo unasema chama kina 7,000. Yule mama aliangalia risiti, akaniangalia mimi, akauliza, "Mwanangu, hizi elfu saba ni za nani?" Ni mtu mwaminifu. Angeweza kunyamaza azichukue.

Nikawapigia simu. Aliyepokea hakunipa hata nafasi ya kumaliza kueleza. "Kaka, kwetu yanapita. Tumeyaendesha mara elfu moja, hiyo kitu haiwezi kutokea. Angalieni mtandao wenu huko Kisumu." Nikamwambia mtandao ukikatika unazuia pesa, hauwezi kutoa elfu kumi na tatu kwenye elfu kumi na mbili. Akasema ana mkutano. Simu ikakatwa.

Huko Kisumu! Kana kwamba hesabu za kutoa zinabadilika mtu akishavuka Kericho.

Jioni ile nikafungua msimbo wa majaribio yao, na hapo ndipo nyota zilipoanza kushuka. Nilichofanya cha kwanza kilikuwa rahisi: nikafuta kabisa mistari yote ya kufuli kwenye programu, salio likabaki bila ulinzi wowote, kisha nikaendesha majaribio yao. Kijani. Nikaendesha tena. Kijani. Jaribio la kufuli linapita hata kufuli lenyewe likiwa halipo!

Sababu yenyewe inaudhi zaidi. Walianzisha thredi kadhaa, na ule mstari wa kuhakiki salio wakauweka ndani ya thredi hizo hizo. Anayetumia JUnit, zana ya kuendeshea majaribio ya Java, anajua, au anapaswa kujua kama analipwa kwa kazi hii, kwamba hakiki ikifeli ndani ya thredi uliyoizalisha mwenyewe, kosa linaiua thredi hiyo peke yake. Thredi kuu inayoendesha jaribio haioni kitu, inamaliza, inatia alama ya kijani. Maandishi ya kosa yalikuwa yamejaa kwenye skrini chini ya ile kijani, mistari kwa mistari. Hakuna aliyeyasoma. Na ili kungoja thredi zimalize, wao walitumia Thread.sleep, amri ya kulala tu, ya sekunde mbili, yaani wanakisia tu kwamba kazi imeisha.

Kuhusu kuendesha mara elfu moja, hapo pia nina neno. Kutoa pesa kuna hatua tatu: soma, kokotoa, andika. Thredi mbili zenye hatua tatu kila moja zinaweza kupishana kwa njia 20. Njia sahihi ni 2 tu, zile ambazo mmoja anamaliza kabisa kabla mwenzake hajaanza. Zilizobaki 18 zinaharibu salio. Lakini kuanzisha thredi kunachukua muda mrefu kuliko hatua zenyewe tatu, kwa hiyo ukizianzisha moja baada ya nyingine, ya kwanza mara nyingi imeshamaliza kabla ya ya pili kuamka. Utarudia mara elfu moja na utakuwa unapima zile njia 2 salama karibu kila mara. Hatua zikiwa kumi kila upande, njia za kupishana ni 184,756. Bahati haiwezi kuzimaliza.

Nikaandika jaribio langu. Thredi mbili, zote zikisubiri kwenye CountDownLatch, kizuizi cha Java kinachozishikilia thredi mpaka kifunguliwe, zinaachiliwa kwa pamoja. Matokeo yanakusanywa na kuhakikiwa kwenye thredi kuu baada ya zote mbili kumaliza. Kisha la pili, ambalo halitegemei bahati hata kidogo: thredi ya dirishani inasimamishwa kati ya kusoma na kuandika, ya simu inaruhusiwa kwenda. Kufuli likiwa linafanya kazi, ya simu itabaki mlangoni. Nikarudisha msimbo wa mkandarasi kama ulivyokuwa, nikaendesha. Jekundu, mara ya kwanza. Nilifurahi kuona ile rangi kuliko ripoti yao yote.

Hitilafu yenyewe ikaonekana saa hiyo hiyo: njia ya dirishani ilikuwa na kufuli lake, njia ya simu na lake. Ni chumba kimoja chenye milango miwili, kila mlango una ufunguo wake, na watu wawili wanakutana ndani.

Hilo neno "haiwezi kutokea" ndilo siwezi kulisamehe. Mashine ya mionzi ya Therac-25 iliwaumiza wagonjwa kati ya 1985 na 1987, wengine wakafa, na watengenezaji walikuwa wakiziambia hospitali jambo hilo haliwezekani. Huko Tyler, Texas, mwaka 1986, mwanafizikia wa hospitali Fritz Hager alikaa na opereta wake wakachapa tena na tena mpaka wakaipata hitilafu: ilitokea opereta akirekebisha data haraka, ndani ya sekunde 8 hivi. Mpimaji wa polepole asingeiona kamwe. Sacco yetu haijaua mtu, namshukuru Mungu, lakini jibu ni lile lile na kiburi ni kile kile.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nadhani ningewaita tena kwa kazi ya kupima mzigo wa seva, kwa sababu ile waliifanya vizuri. Sasa nimesoma tena niliyoandika na nafuta. Nyota moja, na hiyo ni ya yule dada wao wa mapokezi aliyenipigia kesho yake kuuliza kama nimesaidiwa.

Wameshatuma ankara ya malipo yaliyobaki. Nimewajibu kwa maandishi: waje ofisini Kisumu, wafute kufuli mbele yangu, waendeshe majaribio yao. Yakitoka mekundu, nitalipa siku hiyo hiyo.