Uzoefu wangu: nilijifungia nje ya seva, hali ya uokozi ikanirudisha ndani

Nina zaidi ya mwaka nikikodi seva, yaani kompyuta inayowaka muda wote mtandaoni, kwa kampuni moja ya Ulaya. Seva yenyewe iko Ujerumani, ina kumbukumbu ya gigabaiti 4, na nalipia dola 7 kwa mwezi, yaani kama shilingi 25,000 za Uganda. Ndani yake kuna programu ya stoo niliyomtengenezea Hajati mmoja wa hapa Busia anayeuza mahindi, maharage na simsim kwa jumla. Makarani wake wanaandika humo kila gunia linaloingia na kutoka, na kila deni la mteja. Kasi yake sina neno nayo. Uganda haina bahari, data yetu nyingi inashukia Mombasa ndipo ifuate nyaya za chini ya bahari, na bado ukurasa unafunguka kabla karani hajaondoa kidole. Lakini ninachotaka kusimulia ni usiku mmoja ambapo kasi haikuwa na faida yoyote kwangu.

Nilikuwa nimeamua kuwasha faiawali, programu inayochagua miunganisho gani iruhusiwe kuingia kwenye seva. Nilipopitia rekodi za mlango namba 22, ule wa SSH, njia ya kuiamuru seva kutoka mbali, tunaoingilia sisi mafundi, niliona watu nisiowajua wanabisha kila baada ya sekunde chache wakijaribu majina kama admin na test. Seva yoyote yenye anwani ya wazi hupata wageni wa namna hiyo, lakini madeni ya watu yamo humo na sikupenda kuyaacha hivyo. Nikaruhusu mlango 80 na 443, ile ya kurasa za wavuti, ili programu ipitike, nikaandika ufw enable, amri ya kuwasha ufw, ambayo ndiyo faiawali yenyewe. Ikaniuliza kama niko tayari, kwa sababu amri hiyo huenda ikakata miunganisho ya SSH. Nikabonyeza y.

Mlango 22 sikuwa nimeuruhusu.

Kilichonipoteza zaidi ni kwamba hakuna kilichokatika. Dirisha langu liliendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa sababu ufw huyaacha mazungumzo yaliyokwisha kuanza yaendelee na huzuia yale mapya tu. Nikaendelea na shughuli nyingine, nikiamini kazi imekwisha salama. Dakika ishirini baadaye umeme ukakatika, ruta ikazima, na lile dirisha moja lililokuwa bado ndani likapotea.

Nikaunganisha kompyuta na simu nikajaribu kuingia tena. Ikangoja, ikangoja, kimya. Kwa fundi, kimya hicho kina maana yake: mlango usio na programu nyuma yake kwa kawaida hujibu papo hapo kwamba umekataa, lakini uliozuiwa na ufw haujibu kitu kabisa. Hapo nikajua nimefanya nini. Programu ya Hajati ilikuwa bado inafunguka vizuri kupitia 443, kwa hiyo hakuna karani angejua. Kilichoninyima usingizi ni nakala rudufu. Kompyuta ya ofisini huzivuta kila alfajiri saa kumi na moja, na huzivuta kupitia mlango huo huo 22.

Kuwasha seva upya kwenye paneli ya kampuni, ule ukurasa wa kusimamia seva, kusingenisaidia, maana ufw ukishaiwasha huwaka yenyewe kila seva inapoamka. Nikafungua konsoli, ile skrini ya ndani ya kivinjari inayokuonyesha seva kama vile umeiweka mezani kwako. Hiyo haipiti kwenye mtandao wa seva, kwa hiyo faiawali haiigusi. Ikaniomba jina na nenosiri. Nenosiri sikuwa nalo: tangu siku ya kwanza nilikuwa naingia kwa ufunguo wa SSH peke yake, faili la siri linalokaa kwenye kompyuta yangu. Paneli ina kitufe cha kuweka nenosiri jipya, lakini kinategemea programu ndogo inayokaa ndani ya seva, na mimi niliiondoa miezi iliyopita nikipunguza vitu nisivyovitumia.

Ikabaki hali ya uokozi. Kampuni inaiwasha seva yako kwa Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta) nyingine ndogo inayoletwa kupitia mtandao wao, na diski yako inabaki pembeni, haijaguswa. Ila ili ifanye kazi, lazima seva izimwe kwanza. Nikampigia Hajati.

"Shikamoo Hajati, samahani kwa kukusumbua usiku."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

Nikamweleza kwamba nimefunga mlango vibaya na nahitaji kuizima programu kwa muda wa nusu saa.

"Na madeni yangu yamo humo humo?"

"Yamo, Hajati, na hayataguswa."

"Basi fanya. Lakini alfajiri malori yanapakia."

Betri ya kompyuta ilikuwa na asilimia 38. Nikawasha hali ya uokozi, paneli ikanipa nenosiri la muda, nikaiwasha seva upya. Nilipojaribu kuingia kwa SSH, kompyuta yangu ikagoma kwa onyo kali kwamba utambulisho wa seva umebadilika. Onyo hilo ni la kweli, kwa sababu ile Linux ya muda ina funguo zake yenyewe. Nikaufuta utambulisho wa zamani uliohifadhiwa kwenye kompyuta yangu kwa amri ya ssh-keygen -R, nikaingia. Nikaandika lsblk kuona diski zimepangwaje, nikaipachika sehemu kubwa kwenye /mnt, na mafaili yangu yote yakawa mbele yangu. Nilishusha pumzi.

Kazi yenyewe ilikuwa mstari mmoja. Katika faili la /mnt/etc/ufw/ufw.conf kuna ENABLED=yes; nikaibadilisha kuwa ENABLED=no. Kwa kuwa nilikwisha kufika, nikaingia kwenye mfumo wa diski ile kwa amri ya chroot, nikampa root, yaani mtumiaji mkuu wa seva, nenosiri, ili siku nyingine konsoli iwe na maana. Nikaiondoa diski kwenye /mnt, nikazima hali ya uokozi, nikawasha seva upya. Tangu ilipozima hadi ukurasa wa stoo ulipofunguka tena zilikuwa dakika 24. Kisha nikafanya kwa mpangilio unaotakiwa: ufw allow 22/tcp kwanza, ufw enable baadaye, na kabla ya kufunga dirisha la kwanza nikafungua la pili kuhakikisha naingia.

Kwa hali ya uokozi naipa kampuni hii nyota tano bila kusita. Haina malipo ya ziada na haikuhitaji kibali cha mtu usiku ule. Ni vizuri ilikuwa hivyo, kwa sababu ombi langu la msaada lilijibiwa asubuhi, na jibu lenyewe lilikuwa kunielekeza huko huko. Kwa anayeanza, anayetegemea mtu amshike mkono, naona hilo ni pungufu kubwa na nalitaja wazi.

Konsoli naipa nyota mbili. Kesho yake niliijaribu kwa nenosiri jipya, ikalikataa mara tatu. Nikaliandika kwenye nafasi ya jina, ambapo herufi zinaonekana, nikagundua kwamba seva imepangwa kwa kibodi ya Kijerumani: y inatoka z, na kistari kinatoka ß. Kubandika maandishi nako haikubali. Mtu aliyefungiwa nje usiku hastahili kutafuta fumbo la namna hiyo. Nilibadilisha mpangilio wa kibodi, nikachagua nenosiri refu la herufi ndogo zisizo na y wala z.

Kuna jambo moja ambalo sasa silikosi kabla ya kugusa faiawali. Natumia programu ya at kuiagiza seva iizime ufw yenyewe baada ya dakika kumi. Nikifanikiwa kuingia upya, nafuta agizo. Nikikwama, nasubiri dakika kumi tu, na hakuna haja ya kumpigia Hajati.

Seva nimeilipia mwaka mwingine. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, stoo ikiwa imefungwa, naingia kupitia konsoli hata kama sina kazi humo. Mara ya mwisho ilinichukua dakika nne.