Gesti ya Elfu 25 Kariakoo Kabla ya Treni ya TAZARA: Inalipa?

Mambo vipi watazamaji. Leo sina simu wala spika ya kuchambua, leo nachambua chumba. Chumba self, shilingi 25,000, gesti ya hapa Kariakoo. Jina lake naliacha, maana nitakayosema si yote matamu.

Nimetoka Tanga kwa basi, nimeshuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikadandia mwendokasi mpaka huku. Kesho alasiri napanda TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Karibu siku mbili kwenye reli, mambo yakienda sawa. Kwa hiyo usiku huu nataka kitu kimoja tu: usingizi.

Haya, tazameni. Kitanda nne kwa sita, shuka safi, nimeinusa kabisa. Neti sasa... subiri niwasogezee kamera. Mnaona? Kidole kinapita. Feni inazunguka, ila inalia kama cherehani ya bibi yangu. Soketi ni moja, tena nyuma ya kitanda. Bafu safi, maji yanatoka, hapo sina neno.

[Asubuhi]

Macho mnayaona wenyewe. Saa nane usiku umeme wa LUKU umeisha. Nashuka mapokezi, kijana ananiambia, "Kaka, vumilia, bosi kalala." Feni kimya, na huko nje malori yanashusha mizigo, vijana wanaitana kama mchana. Kariakoo hailali, ndugu zangu, na mimi sikulala.

Lakini kilichoniuma zaidi ni saa ya kutoka. Chumba unaachia saa nne asubuhi, treni ni alasiri. Begi je? Wamenidai elfu mbili kulitunza. Kabla hujalipa chumba popote, uliza hilo kwanza, mambo ya feni baadaye.

Halafu sisi wa mikoani tunachanganya stesheni. Zile za katikati ya mji ni za SGR na reli ya kati. TAZARA iko mbali kidogo, Barabara ya Nyerere inapokutana na Mandela, pale Daraja la Mfugale. Daladala za Gongo la Mboto zinapita hapo, ila foleni ya barabara ile mnaijua. Mimi nilitoka saa sita, sikutaka presha.

Faida ya Kariakoo ni soko. Maji, mkate, ndizi, tochi, chupa ya chai, vyote nimepata ndani ya nusu saa. Treni ina behewa la chakula, lakini chai yako mkononi ni kitu kingine.

Kwa kumi naipa nne, na mbili kati ya hizo ni za bafu. Nikirudi natafuta chumba Buguruni, jirani na stesheni, hata kwa elfu tano zaidi. Soko nitalifuata mchana bila begi.

Haya, geti la hapa stesheni linafunguliwa na watu wameshaanza kusukumana. Naweka simu mfukoni.