Subaru Impreza WRX STI ya 2004 mjini Lubumbashi: kubaki nayo au kuiuza?

Mtu anayemiliki Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2004, ile iliyotengenezwa kwa soko la Japani, hawezi kukaa Lubumbashi bila kuulizwa ni lini ataliuza gari hilo anunue Toyota RAV4. Langu ninalo kwa miaka kadhaa sasa, na swali hilo nimelichukulia kwa uzito unaostahili.

Sifa zake ni za kweli. Injini ni ya lita 2 yenye tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa), silinda zake nne zimelazwa mbili kila upande, kiwanda kiliitangazia nguvu za farasi 280, na magurudumu yote manne huvuta wakati wote. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini za kawaida hupungukiwa nguvu, lakini hii husukumiwa hewa na tabo, kwa hiyo haihisi upungufu huo sana. Ukiwa gia ya tatu kwenye barabara ya Likasi, ukikanyaga, kwanza gari husita kidogo, kisha mgongo wako hubanwa kwenye kiti na mazungumzo ndani ya gari hukatika.

Barabara hiyohiyo ndiyo inayolitia aibu. Sisi huendesha upande wa kulia, na usukani wake nao uko kulia, kama wa magari mengi ya Japani yanayotufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nyuma ya lori la shaba dereva haoni kitu ila turubai, mpaka atoe nusu ya gari kwenye njia ya wanaokuja. Kazi ya kuchungulia humwangukia aliyekaa kushoto, na mdogo wangu akisema “Bado, yaya, bado” (yaya kwetu ni ndugu mkubwa), hizo nguvu zote husubiri.

Kasoro kubwa, hata hivyo, ni ya petroli. Kompyuta ya injini hii ilipangwa kwa petroli bora ya Japani, ambayo oktani yake, yaani kipimo cha kustahimili kujilipukia, hukaribia 100. Ukiitilia petroli hafifu, hasa ile ya madumu ya akina Kadafi, wauza petroli wa kando ya barabara, mchanganyiko wa mafuta na hewa hujilipukia wenyewe ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na unapopanda mlima husikika mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Kuna kihisio kinachochelewesha moto wa plagi ili kuilinda injini, lakini tabo ikiwa inasukuma kwa nguvu kihisio hicho hakitoshi, na pistoni zinaweza kupasuka. Dawa ni kuipanga upya kompyuta na kupunguza msukumo wa tabo. Langu limefanyiwa hivyo, nguvu kiasi zimepotea, na sizililii.

Mkanda wa taimingi, unaolinganisha mwendo wa vali na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na usicheze na tarakimu hiyo, kwa sababu ukikatika, vali hugongana na pistoni.

Sasa bei. Mnunuzi wa hapa huona gari kuukuu linalokunywa mafuta, lenye usukani usiofaa, na hutoa bei inayolingana na macho yake. Huko nje mambo ni tofauti: mwaka 2022 Subaru ilitangaza kwamba haitatengeneza STI mpya ya petroli, na Marekani, ambako gari la aina hii huingizwa kwa urahisi likishatimiza miaka 25, italipokea hili la 2004 kuanzia 2029. Wapenzi wa huko hununua Japani, si Lubumbashi. Bei ikipanda kwa sababu hiyo, faida hainifikii, ila nikiliuza kisha nikajuta, bei ya kununua jingine kama hili itakuwa imenipita. Kwa hiyo kuuza hapa ni kuuza moja kwa moja, na mimi nimeamua kubaki nalo, likitoka siku za Jumapili tu, huku kazi ya wiki ikifanywa na gari jingine.

Alama zangu ni 8 kati ya 10. Mwenye gari moja tu nyumbani, na watoto wa kupeleka shuleni, namshauri aliuze likiwa bado zima, na amweleze mnunuzi habari ya petroli kabla hajapokea dola zake.