Kisanduku cha nyuki wapweke: nyuki nyota tano, kisanduku nyota mbili

Nimekitumia misimu miwili, kwa hiyo huu si msisimko wa kufungua mzigo. Ni kisanduku cha mbao chenye vipande vya mianzi ambamo nyuki hutaga, kikaja na vifukofuko 40 vya nyuki wa jamii ya Osmia. Nilikitaka kwa ajili ya mitufaha yangu, iliyokuwa ikichanua sana na kuzaa kidogo.

Nyuki wenyewe sina la kuwalaumu. Hawana malkia wala asali ya kulinda, hivyo ni nadra kuuma. Nimesimama mbele ya matundu yao nikiwa kifua wazi. Kila jike hujijengea vyumba mwenyewe: donge la chavua, yai moja juu yake, kisha ukuta wa tope. Nyuki wa asali huilowesha chavua kwa nekta na kuigandamiza miguuni. Huyu wa Osmia huibeba kavu kwenye manyoya ya tumboni, nayo humpukutika kila anapotua, na ua likachavushwa. Isitoshe, hutoka kwenda kazini hata asubuhi za baridi. Wajapani wanatumia ndugu yake, Osmia cornifrons, kwenye mitufaha tangu miaka ya 1940. Msimu ule wa kwanza nililazimika kuegemeza matawi kwa miti, kwa uzito wa matufaha.

Sasa kisanduku. Mianzi ina urefu wa sentimita 8 tu! Jike hutaga mayai ya majike huko ndani kabisa, ya madume karibu na mlango. Ukimpunguzia urefu, anakuzalia madume, na wakusanyaji wa chavua ni majike. Vifukofuko nilivyovuna vingi vilikuwa vidogo vidogo, vya madume. Sentimita 15 kwa tundu la milimita 8 ndiyo saizi yao.

Kibaya zaidi, mianzi imegandishwa kwa gundi, haitoki kusafishwa. Msimu wa pili niliipasua kwa kisu nikakuta vyumba kadhaa vimejaa utitiri, kama unga wa rangi ya chungwa, chakula cha watoto wa nyuki kimeliwa chote. Karatasi ya maelekezo haikugusia hilo, wala haikusema kwamba nyuki hawa wanahitaji tope bichi karibu. (Mimi nachimba kashimo na kukamwagia maji kila jioni.)

Mianzi yote nimeing'oa, nimebakiza mbao. Ndani nimepanga mirija ya karatasi niliyoiviringisha mwenyewe kwenye penseli nene. Vifukofuko vilivyopona nimevichambua, viko kwenye friji vikisubiri machipukizi.