Duka la kurushia muvi nyuma ya stendi ya Buzuruga, na Selander wangu

Kazi yangu ni usaidizi wa dairekta. Hapa Mwanza maana yake ni kuamka saa kumi alfajiri, kuwapigia waigizaji simu mmoja mmoja, kumbembeleza dereva wa Noah, kuhesabu betri, kumwomba mwenye baa ya jirani azime muziki tukirekodi sauti, na jioni kuulizwa kwa nini jua limezama kabla hatujamaliza. Huu ni mwaka wa saba. Nayasema haya ili mjue kwa nini duka la muvi limenigusa hadi nikakaa chini kuliandikia.

Mwanzoni mwa mwaka nilianza kutafuta madairekta waliotokea kwenye usaidizi kama mimi. Nikakutana na jina la Lesley Selander. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1900, akaingia kwenye sinema akiwa kijana kupitia maabara ya kuoshea filamu, akashika kamera kidogo, kisha akawa dairekta msaidizi kwa miaka mingi. Mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 36, ndipo alipopewa picha yake mwenyewe. Baada ya hapo hakusimama: picha zaidi ya 100, nyingi za kauboi, mpaka mwaka 1968. Nilitaka kumwona kwa macho yangu.

Duka la kwanza nililokwenda, huko mjini kati, waliniambia zipo. Nikalipia sita. Nyumbani nikakuta mafaili yamebandikwa majina niliyowaandikia, ndani yake ni muvi za kivita za juzi, na flashi yangu ikaingia virusi. Niliporudi nikaambiwa nisome vizuri. Silitaji jina, ila nilitoka pale na hasira.

Hili la Buzuruga nilielekezwa na mpiga picha za harusi. Liko nyuma ya stendi, unawapita mama lishe wawili na fundi viatu, mlango wa bluu. Ubaoni wameandika kwa mkono: TUNARUSHA MUVI, NYIMBO, KASWIDA, KWAYA. Ndani kuna kompyuta mbili, feni, benchi, na kanda za zamani za video zimepangwa ukutani hadi darini. Mwenye duka ni mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Unataka za Kikorea?"

"Hapana mzee, nataka za kauboi. Za kale, nyeusi na nyeupe."

Akavua miwani. "Kauboi wa Waitaliano au wa Wamarekani wenyewe?"

Hapo nikajua nimefika. Mzee huyu ujana wake aliumalizia kwenye chumba cha mashine cha sinema moja ya mjini, akibadilisha rili. Jina la Selander hakulijua. "Sisi la dairekta tulikuwa hatulisomi," aliniambia, "watu walikuwa wanauliza tu, stelingi nani?" Lakini nilipotaja Hopalong Cassidy, kauboi wa picha nyingi za Selander, akacheka kwa furaha. "Yule wa nguo nyeusi na farasi mweupe! Huyo namfahamu." Akaniomba nimwandikie orodha kwenye karatasi, jina la picha na mwaka wake, kwa herufi kubwa. Siku ya tatu akanipigia.

Sasa niseme huduma yenyewe. Anachukua flashi, anaipangusa kwa kitambaa, anaipitisha kwanza kwenye kompyuta ya pili kukagua virusi. Kisha anaifungua kila muvi mbele yako: mwanzo, katikati, mwisho. Ukiridhika ndipo anairusha kwenye flashi yako. Kumi na mbili zilituchukua saa nzima na nusu, na watu walikuwa wamepanga foleni, lakini hakuharakisha. Muvi ya kawaida ni shilingi 500, ya kutafutwa kwa oda ni 1,500. Mimi nilitoa 18,000 na siijutii hata senti.

Kwa wasiojua Selander alifanya picha za namna gani, zamani Marekani ukilipa kiingilio mara nyingi ulionyeshwa picha mbili, kubwa yenye mastaa wakubwa na ndogo ya kuongezea. Hiyo ndogo ndiyo waliyoiita picha ya B. Ya saa moja hivi, fedha kidogo, siku chache za kurekodi. Selander aliishi humo. Aliyemfungulia mlango ni Buck Jones, stelingi mkubwa wa kauboi wa wakati ule, aliyempa picha za kuongoza pale kampuni ya Universal. Namwombea mtu huyo pepo, maana wasaidizi wangapi wanakufa wasaidizi kwa kukosa mtu mmoja wa kusema "mpeni huyu". Jones mwenyewe alifariki mwaka 1942 kwa majeraha ya moto wa ukumbi wa Cocoanut Grove kule Boston.

Mwaka 1937 Selander akaanza na Hopalong, aliyechezwa na William Boyd, na hapo ndipo nilipokaa wiki nzima. Kipenzi changu ni Three Men from Texas, ya mwaka 1940, ya watu wanaopora ardhi za wenyeji wa California. Mzee Andy Clyde anaingia humo kwa mara ya kwanza kama mhusika aitwaye California, mchekeshaji wa kundi, na kila akitokea picha inapata pumzi. Hadithi ya ardhi kuporwa kwa ujanja na bunduki haihitaji kutafsiriwa kwa mtu wa huku.

Lakini kilichonishika zaidi ni mawe. Picha nyingi za Hopalong zilirekodiwa Alabama Hills, karibu na mji wa Lone Pine, California. Ni mawe ya mviringo yaliyopandana, mengine makubwa kuliko nyumba, nyuma yake milima ya Sierra Nevada. Nilisimamisha picha nikamwita mdogo wangu. Akauliza, "Hapa ni Bugarika?" Kweli, ukiiondoa ile milima, hapo ni Mwanza yetu: ni Bugarika, ni Capri Point, ni yale ya Bismarck yanayosimama majini.

Katika picha mojawapo wapanda farasi wanatokea kushoto katikati ya mawe mawili, wanapita, wanapotelea kulia. Baadaye kundi lingine linapita, na ukitazama haraka utadhani ni bonde jingine, kwa kuwa kamera imeshushwa na kugeuzwa kidogo. Nikarudisha nyuma mara tatu. Jiwe ni lilelile, lina ufa unaoshuka kama radi. Mwishoni stelingi naye anapita palepale. Kamera imewekwa mahali pamoja, hadithi imepita mara tatu. Mimi hapo namwona mtu aliyewahi kutembea na ratiba mfukoni, anayejua kwamba kuhamisha kamera, farasi na watu arobaini kunakula asubuhi yote.

Mwezi wa tano tulikuwa juu ya mawe ya Bwiru, na dairekta wangu alitaka sehemu tano. Tukahama mara tano, tukibeba vyombo kichwani. Kufika saa sita jua liko utosini, macho ya waigizaji yamegeuka mashimo meusi, na sini nne bado. Mwigizaji mmoja mama mtu mzima akakaa chini akalia kwa uchovu. Nilijisikia vibaya kwa sababu ratiba niliipanga mimi. Kazi iliyofuata nilikwenda siku moja kabla, nikachagua sehemu mbili tu, nikachora ni wapi mtu atokee na wapi apotelee, nikampelekea dairekta akiwa bado anakunywa chai. Akakubali. Saa nne na nusu asubuhi tukawa tumemaliza, na yule mama ndiye aliyetuimbia njiani kurudi.

Si zote nilizozipenda. The Vampire's Ghost ya mwaka 1945 inajidai iko Afrika, lakini ni Afrika ya kujengwa studio, na watu wetu wamewekwa pembeni kama miti ya kupamba. Iliniuma, maana ni mkono uleule ninaouheshimu. Za Tim Holt, alizoziongoza kwa kampuni ya RKO mwishoni mwa miaka ya 1940, ni nyepesi na zinakwenda mbio. Nilipata mbili, zote nzuri.

Dosari za duka zipo. Kati ya kumi na mbili, mbili sauti ilikuwa inachelewa, midomo inafunga ndipo maneno yanatoka. Tulizikagua lakini ilijificha, inaanza baada ya nusu saa. Niliporudisha, mzee aliomba radhi, akatafuta nakala nyingine bila kudai nyongeza, ingawa moja ilichukua wiki mbili. Moja ina maandishi ya Kihispania chini na hayaondoki. Benchi ni la watu watatu, na mchana bati linawaka, nendeni asubuhi. Risiti hatoi, anaandika kwenye daftari. Na umeme ukikatika mnasubiri, jenereta hana.

Nampa nyota nne. Anafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa anafunga mchana kwa swala, Jumapili hayupo. Mkienda kwa oda pelekeni orodha iliyoandikwa vizuri, na kama ni nyingi chukueni eksteno, yaani ile diski kubwa ya kuchomeka, flashi zinamchelewesha. Mimi narudi Jumamosi. Amenipigia jana kwamba amepata ile ya kwanza kabisa, Ride 'Em Cowboy ya mwaka 1936, Buck Jones akiwa stelingi, na ameniwekea hataki mtu mwingine aanze kuiona kabla yangu.