Uzoefu wangu na mfuko wa kujifungulia wa dukani: usiupeleke leba kama ulivyo

Mifuko ya kujifungulia inayouzwa ikiwa imeshapangwa, ile ya nailoni yenye zipu, nimeinunua katika maduka matatu ya dawa hapa Dar es Salaam na kuikagua kitu kwa kitu. Bei ilicheza kati ya shilingi 30,000 na 45,000. Kisera huduma ya uzazi ni bure katika vituo vya serikali, lakini kliniki utaelekezwa vifaa vya kwenda navyo, maana stoo ikiwa tupu hakuna wa kukuazima glovu saa nane za usiku. Kwa kazi hiyo mfuko unasaidia. Nalipia vitu vinne tu: glovu, vibanio vya kitovu, gozi na kisu cha kukatia kitovu. Vingi vilivyobaki ni vya kujazia.

Glovu ndipo wauzaji wanapobania. Mfuko mmoja ulikuwa na jozi 2 tu zilizotakaswa, halafu glovu 10 za kawaida zilizochomolewa kwenye boksi la 100 na kufungwa kwenye kimfuko cha plastiki ili nazo zionekane za leba. Hizo hazizalishii mtu. Piga hesabu: uchungu ukishakolea, mkunga hupima njia kila baada ya saa 4, na kwa mimba ya kwanza hatua hiyo inaweza kufika saa 12. Tayari jozi 3 zimekwenda kabla kichwa hakijaonekana. Moja ya kuzalishia, nyingine ya kushonea kama umechanika. Jozi 5 ndiyo chini kabisa. Mimi huweka 6. Namba 7 na 7.5 huwatosha wakunga wengi. Ukikuta zote ni namba 8, omba kubadilishiwa, kwa sababu glovu inayopwaya vidoleni hufanya kushika kibanio kilicholowa kuwe kazi. Na kama mpira wa glovu au puto hukuwasha ngozi, mwambie nesi kliniki aandike kwenye kadi, usingoje leba.

Vibanio viwe 2, kila kimoja kwenye pakiti yake. Usikijaribu kwa kukifunga: meno yakishashikana hakifunguki tena. Soma pakiti. Alama ya saa ya mchanga inaonyesha tarehe ya mwisho wa matumizi. Namba 2 iliyokatwa mstari maana yake ni mara moja tu. Neno STERILE likifuatwa na EO, kimetakaswa kwa gesi. Likifuatwa na R, kwa mionzi. Pakiti iliyotoboka, au iliyolowa ikakauka na kuacha doa, ihesabu kuwa chafu hata kama tarehe yake bado iko mbali. Wengi huharibu hapa hapa: wanachana pakiti nyumbani wahakikishe vitu vimetimia. Fungua zipu ya mfuko, pakiti ziache.

Pamba nayo ina ujanja wake. Chukua donge dogo, lidondoshe kwenye glasi ya maji. Pamba ya hospitali huzama ndani ya sekunde 10 hivi. Ikielea kama chelezo, ni ya mito na magodoro, haitanyonya damu. Katika mifuko mitatu niliyokagua, mmoja ulikuwa na pamba ya kuelea, na pakiti yake ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Nilinunua roli ya gramu 500 pembeni.

Mpira wa kutandika ulikuwa mwepesi kama kitambaa cha meza cha plastiki, na mfupi, hauvuki hata mita moja. Unapojisogeza unajikunja na maji yote yanaingia kwenye godoro. Nunua wa kukatwa, mzito, mita 1.5, uukunje kwa kuuviringisha; ukikunjwa kwa kukandamizwa muda mrefu hupasuka kwenye mikunjo. Baada ya kazi unaoshwa kwa sabuni, kisha unalowekwa dakika 10 kwenye Jik. Kipimo kwa Jik ya asilimia 3.5: kikombe 1 cha Jik kwa vikombe 6 vya maji, ukiwa umevaa glovu.

Nilivyovitoa ni hivi. Chupa ndogo ya spiriti: kitovu hakihitaji kupakwa, kinahitaji ukavu na hewa, na spiriti inaweza kukichelewesha kudondoka. Nepi ikunjwe chini ya kitovu, basi. Wembe wa kunyolea: kunyoa kabla ya kujifungua si lazima, na michubuko yake ni mlango wa vijidudu. Poda ya mtoto, maana vumbi lake huingia mapafuni. Chupa ya kunyonyeshea pia nje; mtoto aanze na dang'a ndani ya saa ya kwanza, hata kama ni matone.

Kilichonikera hasa ni mfuko uliowekwa ampuli ya oksitosini. Dawa hiyo ndiyo inayozuia damu kumwagika baada ya mtoto kutoka, na inatakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Hii ilikuwa kwenye rafu, dirishani, kwenye joto la Dar. Kwa macho haibadiliki, ila nguvu inapungua, na utajua wakati damu haikatiki. Usinunue oksitosini ya rafuni; waulize kliniki kama kituo kinayo kwenye friji yake.

Kisha ongeza. Khanga 4 hadi 6, zilizochakaa kwa kufuliwa, kwani mpya bado ina wanga na hainyonyi. Moja ya kumkausha mtoto mara anapotoka, hiyo iondolewe ikiwa imelowa, nyingine kavu ya kumfunika akiwa kifuani kwa mama. Kofia 2 na soksi. Taulo la kuogea halina haraka, mtoto anakaa saa 24 bila kuoga. Pedi nene za wazazi pakiti 2. Zile 10 nyembamba za mfukoni haziishi hata siku mbili. Ukilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, mwite nesi, au rudi kituoni kama umesharuhusiwa. Sabuni ya kipande, beseni, chupa ya chai, kadi ya kliniki.

Kupanga: vya leba juu, kwenye kimfuko chao, kimebandikwa plasta iliyoandikwa LEBA kwa kalamu nene. Vya mtoto kimfuko cha pili, vya mama cha tatu. Atakayekusindikiza avione vikipangwa, kwa kuwa ndiye atakayevitafuta. Yote yawe tayari wiki ya 36. Usiuhifadhi juu ya kabati chini ya bati wala kwenye buti la gari. Joto hukausha glovu zikachanika wakati wa kuvaliwa.

Ndani ya mifuko hii kuna karatasi ya maelekezo, lakini yote mitatu ilikuwa na ya Kiingereza tupu na haikutaja dalili za hatari. Nimeandika zangu na kuzibandika ndani ya zipu: kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, degedege, damu kutoka, chupa kupasuka, mtoto kupunguza kucheza. Chini yake nimeongeza mstari mmoja: ondoka sasa hivi, mfuko utaletwa.